Katekista wa Mito Mitano

Asubuhi ya kuondoka, Katekista alikuwa anatapika. Kila mwaka ilikuwa hivyo. Sisi tumejipanga mbele ya kanisa la kigango chetu pale Izia, mjini Sumbawanga, vifurushi vichwani, naye yuko nyuma ya ukuta tunamsikia. Kisha anatokea akijifuta midomo kwa kitambaa, uso umemsawijika, anasema, "Tumsifu Yesu Kristo," tunamjibu, na safari inaanza. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani ana vidonda vya tumbo. Mkewe ndiye aliyeniambia, tena bila kushusha sauti, kwamba mumewe hana ugonjwa wowote, anaogopa maji.

Na huyo ndiye aliyekuwa akituvusha.

Kila Kwaresima, juma la kuelekea Jumapili ya Matawi, watu wa vigango vyetu walikwenda hija kwa miguu. Tulitoka Sumbawanga, tukakata uwanda wa Ufipa, tukateremka ule ukingo mkali unaoitwa Lyamba lya Mfipa, tukaingia bonde la Rukwa na kuipita Ilemba, mpaka kwenye kilima chenye msalaba karibu na misheni ya zamani. Siku tatu za kutembea, tena masika, mahindi yamesimama na mito imejaa. Ukimwuliza Katekista ni mbali kiasi gani, hakukutajia kilometa wala saa. Alisema, "Ni mito mitano." Ukimwuliza tumefika wapi, alisema, "Tumebakiza miwili."

Mimi nilikuwa mgeni. Nilikuja kutoka Mbeya nikimfuata mume wangu, aliyekuwa karani katika shirika moja la umma. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Madukani sabuni na sukari vilikuwa vimerudi, mabasi ya watu binafsi yalianza kufika mpaka kwetu, na mashirika yalianza kufungwa. Mume wangu alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Alikaa ndani miezi minne akitazama ukuta. Mimi nikaanza kuuza mitumba sokoni, na jirani yangu akaniambia, mama Atu, nenda hija, ukatembee kwa ajili yake. Ndivyo nilivyomfahamu Katekista, na nikaenda naye miaka sita.

Sitaeleza alikozaliwa wala ukoo wake, kwa sababu hakupenda kuulizwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye miguu mikubwa iliyopasuka visigino, na koti moja la kaki ambalo mvua ilikuwa imelifanya liwe na rangi ya udongo. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu vya misa, na Kifipa alikitumia kwa mkewe na kwa kuhesabu. Alituhesabu kabla ya kila mto na baada ya kila mto, akimgusa kila mtu begani. Hata padre akiwemo alimgusa bega.

Mito hiyo alikuwa ameipa majina yake mwenyewe. Wa kwanza ulikuwa mdogo, nje kidogo ya mashamba ya mji, maji ya kifundoni, na mawe yalikuwapo ya kukanyaga. Hakutaka tuyakanyage mawe. Tulivua viatu wote, na yeye aliuita Mto wa Viatu. Baridi ya maji yale ilikwenda mpaka kwenye meno. Alituambia kwamba mtu asiyekubali kulowa miguu hapo atawasumbua wenzake huko mbele.

Wa pili uliitwa Mto wa Ugomvi. Waliogombana mwaka huo walipaswa kuuvuka wakiwa wameshikana mikono. Niliwaona wifi wawili waliokuwa hawasalimiani tangu mavuno wakivuka huku kila mmoja ametazama upande wake. Katekista mwenyewe alivuka na mkewe kila mwaka, kwa sababu mkewe alipika kimpumu na kuuza, naye kila Jumapili alisimama mbele yetu akihubiri juu ya ubaya wa pombe. Walishikana, walivuka, walisameheana. Wiki baada ya Pasaka mkewe aliloweka tena ulezi, na jioni ungemkuta Katekista kwenye kigoda uani, kibuyu mkononi. Nilimkuta hivyo mara moja. Hakukificha. Alisema, "Mwakani nitavuka tena, mama Atu," akaendelea kunywa.

Wa tatu ulikuwa chini kabisa ya ukingo, na hapo kicheko kiliisha. Aliuita Mto wa Kimya. Mvua ikinyesha juu kwetu uwandani, bondeni jua linaweza kuwa linawaka, na mto ukaja juu ghafla ukiwa umebeba magogo. Kwa hiyo tulikaa kimya ukingoni, bila wimbo wala rozari, yeye amefumba macho anasikiliza. Mara nyingine tulikaa nusu saa nzima. Nilijifunza hapo kwamba maji yanayokuja yana mvumo mzito kama wa mashine ya kusaga iliyo mbali, na kwamba ukishausikia huna muda mrefu. Usiku wa kwanza baada ya kuusikia mvumo ule niliuota.

Wa nne ulikuwa mkubwa. Mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, na watu wa huko walisema mamba hupanda kutoka ziwani wakati wa mafuriko. Katekista aliuita Mto wa Kurudi, kwa sababu hapo alimwuliza kila mmoja peke yake, "Unavuka au unarudi?" Aliyesema anarudi alibarikiwa kwenye paji la uso na kupelekwa kulala kwenye mji wa wafugaji uliokuwa karibu mpaka turudi. Hakuruhusu mtu achekwe. Mwaka mmoja mwanamume mmoja, fundi seremala mwenye mabega mapana, alirudi akilia, na Katekista alitukataza kulitaja jambo hilo mjini. Wengi wetu hatukulitaja.

Mto wa tano ulikuwa chini ya kilima chenyewe, maji ya uvuguvugu, na haukuwa na jina. Nilipomwuliza alisema aliyefika pale hahitaji kuelezwa kitu.

Watu walimheshimu, lakini walimcheka pia. Mtu mzima anayetetemeka magoti mbele ya maji ni kichekesho. Yeye hakujitetea. Alikuwa na msemo wake: "Mto haumli mwoga, unamla anayeona haya." Nilidhani ni maneno ya kutufariji tu.

Wafugaji wale wa mto wa nne walikuwa Wasukuma, watu waliohamia bondeni na ng'ombe wao. Kati yao na Wafipa kulikuwa na kununiana kwingi kwa sababu ya mashamba. Ng'ombe wa mzee mmoja wa pale walikuwa wamewahi kula shamba lote la mahindi la shemeji yake Katekista, na kesi ilifika kwa mtendaji. Lakini Katekista alipofika mtoni, mtu wa kwanza aliyemtafuta alikuwa mzee huyohuyo. Walisalimiana kwa kirefu. Kisha mzee aliswaga ng'ombe wake wachache hadi majini. Wakiingia na kuvuka, tunavuka. Wakigoma, tunalala. Baada ya ng'ombe, kijana mmoja wa mzee huyo aliogelea na ncha ya kamba yetu ya katani, akaifunga kwenye mkuyu wa ng'ambo, nasi tukapita tukiishikilia. Kwa njia hiyo Katekista hakuwahi kupoteza mtu.

Mwaka wangu wa sita tulikuwa na mwenyekiti mpya wa kigango. Alikuwa mfanyabiashara, mtu mkarimu na mwenye haraka, na alikuwa amenunua lori. Alitaka kutusaidia. Alisema hakuna sababu ya akina mama kubeba vyungu na mablanketi vichwani wakati gari lipo. Mizigo yote iingie kwenye lori, litatutangulia bondeni kwa barabara. Katekista alisitasita, lakini mizigo ilikuwa mizito na sisi wenyewe tulishangilia. Tulipakia karibu kila kitu. Kamba nayo ilikuwa ndani ya gunia la vyungu.

Lori lilikwama kwenye tope mteremkoni, mbali na njia yetu ya miguu. Mwenyekiti akaliacha na dereva, akatufuata, akatembea nasi.

Kati yetu alikuwepo dada mmoja wa kwaya, Leokadia, wa kule Pito, binti pekee wa mama yake. Aliuza chai na maandazi kituo cha mabasi. Tulikuwa tumezoeana kwa sababu kibanda changu hakikuwa mbali na meza yake, na safari ile tulilala blanketi moja, moja la yale machache ambayo hayakupakiwa. Alikuwa mtulivu mno. Nilimwambia ninavyoogopa mto wa nne, akasema yeye huwa anatazama kitu kimoja ng'ambo, mti au jiwe, na hatazami maji.

Tulifika mto wa nne mchana wa siku ya tatu. Jua lilikuwa kali, lakini nyuma yetu, juu ya ukingo, mawingu yalikuwa meusi na radi zilikuwa zinapiga. Maji yalikuwa juu kuliko nilivyowahi kuyaona. Mzee wa Kisukuma aliwaingiza ng'ombe. Waligeuka wote, mmoja baada ya mwingine. Mzee akasema tusubiri mpaka kesho yake, na kwamba angetafuta kamba kwa jirani.

Katekista akatuambia tutalala hapo. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi. Watu walinung'unika, tulikuwa tumelowa na hatuna chakula, chakula kiko kwenye lori. Mwenyekiti aliongea kwa upole mwanzoni. Alisema padre anatungoja, kwamba mto huo mwanzoni mwa wiki wafanyabiashara wa samaki walikuwa wameuvuka, kwamba maji ni ya kiunoni tu. Katekista akatikisa kichwa. Ndipo Mwenyekiti akasema mbele yetu sote:

"Kila mwaka unatutisha, Katekista. Woga wako umekuwa ndiyo dini yetu."

Watu walicheka. Nami nilicheka. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba sikucheka, lakini nilicheka.

Katekista alisimama akitazama maji. Nilimwona akivua koti la kaki na kulikunja. Hakutuuliza kama tunavuka au tunarudi. Alisema tu twende watatu watatu, mwenye nguvu katikati na wengine wawili pembeni, mikono ishikwe kwenye kifundo na siyo kwenye vidole. Mzee wa Kisukuma alimwita kwa jina, mara mbili. Hakugeuka.

Watatu wa kwanza walivuka, Mwenyekiti akiwa katikati. Wa pili wakavuka. Sisi tulikuwa wa tatu: mimi kulia kwa Katekista, Leokadia kushoto kwake, upande maji yanakoelekea. Maji yalinifika kiunoni, kisha kifuani. Chini changarawe ilikuwa inakimbia miguuni kama kitu hai. Tulipofika katikati nikausikia ule mvumo.

Nilipiga kelele. Nilimng'ang'ania Katekista mkono, nikamvuta, karibu nimpandie mabegani. Leokadia alikuwa amesimama wima, ametazama mkuyu wa ng'ambo. Wimbi halikuwa refu, lilikuwa na nguvu tu, na matawi ndani yake. Miguu yangu ikaondoka chini. Na hapo nilisikia mikono yote miwili ya Katekista kwenye mkono wangu.

Mikono yote miwili. Mmoja kwenye kifundo, mwingine juu ya kiwiko. Nilifikishwa ng'ambo nimevutwa kama gunia, nikatapika maji kwenye matope, na nilipoinua kichwa Leokadia hakuwepo.

Wafugaji walimpata baada ya siku mbili, chini sana, kwenye matete. Alizikwa Pito. Mwenyekiti alinunua jeneza na alilia kuliko ndugu. Katekista aliwaambia wazee wa kanisa kwamba maji yalimpokonya. Waliniuliza na mimi, nikasema ndiyo, maji yalimpokonya. Katika maneno yote niliyowahi kusema maishani, hayo niliyasema kwa haraka kuliko mengine.

Mji wetu una jina lake na sifa zake za uchawi, na mtu hafi maji bila watu kutafuta aliyemroga. Ilianza minong'ono kwamba miaka ile yote ya salama ilikuwa mkataba, na sasa mto umelipwa. Kwamba Katekista amemtoa kafara binti wa watu. Waliokuwa wakimwamkia shikamoo wakawa wanavuka barabara. Mwaka uliofuata hija ilikwenda kwa lori, na miaka michache baadaye kwa basi la kukodi, kwa barabara ya mbali yenye madaraja. Akawekwa katekista mwingine. Katekista wetu akauza nyumba ya Izia, akahamia Pito na mkewe, wakawa wakulima.

Mimi nilikuwa na hofu ya namna nyingine. Maji niliyaepuka kwa urahisi. Niliyemwogopa ni mama yake Leokadia. Alikuja sokoni kila Jumamosi kuuza maharage, na kila Jumamosi niliinama chini ya meza kama natafuta kitu mpaka apite. Siku moja hakupita. Alisimama, akachagua sweta, akaniuliza hali ya mume wangu, nami nikampa bila kulikunja. Mume wangu alikuwa mzima, alikuwa amefungua duka la pembejeo. Wanangu walikuwa shule. Kila kitu kizuri kilichonipata baada ya ule mto kilinijia kikiwa na ile mikono miwili juu yake.

Ilipita miaka kumi na moja.

Katekista alikuja kwenye kibanda changu asubuhi moja ya Juni, upepo wa baridi unapeperusha nguo. Alikuwa amekonda mpaka shati lilisimama peke yake mgongoni. Nilimwamkia, akaitikia, akakataa kiti. Tuliulizana habari za nyumbani. Kisha akasema:

"Mama Atu, mimi nilimwachia."

Nikasema, "Najua, Katekista. Nilisikia mkono wa pili."

Nilidhani atakasirika, kwamba mtu amemwacha peke yake na jambo hilo miaka yote hiyo. Aliuliza tu kama nimewahi kumwambia mtu. Nikasema hapana. Akaniambia kwamba mimi nilikuwa navuta na Leokadia alikuwa ametulia, na kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko kusema Amina, alifikiri yule aliyetulia atasimama mwenyewe. Hakulisema kama mtu anayejitetea. Alilisema kama mtu anayeonyesha mahali kidonda kilipo.

Halafu akasema anakwenda kwa mama yake Leokadia, siku hiyohiyo, na anaogopa. Alikuwa ameshafika mlangoni kwake mara nyingi. Tangu ahamie Pito alikuwa akimlimia shamba kila msimu, mahindi na maharage, bila kuulizwa, na yule mama alimshukuru kila mwaka na kumwombea. Shukrani hizo, alisema, hawezi tena kuzimeza.

Nilifikiria kusema siwezi kuacha biashara. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikamwomba jirani aniangalizie meza, nikachukua khanga yangu, tukaenda.

Nilitamani njia iwe ndefu, lakini Pito siyo mbali. Tulimkuta mama amekaa kwenye mkeka uani anachambua maharage. Alifurahi kutuona. Alitaka kuinuka kututafutia viti, Katekista akamwomba asiinuke, akapiga magoti palepale kwenye maganda, akamweleza. Alieleza yote: kamba iliyobaki kwenye lori, ng'ombe waliogoma, kicheko, na mkono. Alipomaliza nikasema mimi ndiye niliyeshikwa na mkono huo, na kwamba nilijua, na kwamba nilisema uongo.

Yule mama aliendelea kushika punje zilezile kiganjani. Hakututazama. Kisha aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Aliniita?"

Nikajibu mimi.

"Hapana, mama. Hakumwita mtu. Alikuwa anatazama ng'ambo."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu anayepokea hesabu ya kitu alichokuwa akikitafuta. Alisema miaka yote amekuwa akiamka anamsikia mwanawe akimwita, na kila mara alikuwa amechelewa. Kisha akainuka, akaingia ndani, akakaa huko mpaka nikaanza kuogopa. Alitoka na maji kwenye bakuli na ugali uliofunikwa. Alininawisha mimi. Akamnawisha na Katekista, mkono mmoja, kisha wa pili.

"Mtakula," alisema. "Lakini shamba langu, Katekista, usilime tena. Nitalima mwenyewe."

Katekista alisema, "Sawa, mama."

Tukala, sisi watatu, kutoka sahani moja.